Sukari Guru ya Raiji Chunara

"Mimi na vumbi la akiki tumewekeana mkataba. Linaingia mchana, linatoka asubuhi. Atakayekufa kwa vumbi hapa Shakarpur ni bahili asiyenunua sukari guru."

Maneno hayo aliyasema mjomba wangu, Raiji Chunara, mbele ya watu kama mia tatu, kwenye arusi ya mtoto wa kwanza wa jirani yake Dahya. Aliyasema akiwa amesimama juu ya kitanda cha kamba, ili hata waliokaa upande wa masufuria wasije wakadai hawakusikia. Aliyekuwa akijibiwa ni bwana mmoja wa chama cha afya, aliyetoka mjini na mashine yenye kisanduku na feni ya kunyonya vumbi. Maskini bwana yule alichagua siku ya arusi kwa kuwa alitaka kuwapata watu wote mahali pamoja. Akawapata. Mjomba alitoa donge la sukari guru mfukoni, akalivunja, nusu akatia mdomoni, nusu akamrushia mgeni.

"Mtu ambaye hajasaga asinifundishe vumbi. Shika feni yangu na wewe. Hii haitumii umeme."

Watu walicheka mpaka wapiga ngoma wakasahau kupiga. Aliyecheka zaidi ni binti yake wa pekee, Kokila, ambaye alikuwa ameushika mguu wa kitanda ili baba asianguke. Yule bwana alirudi mjini na mashine yake, na nusu donge mkononi, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu na hakujua aliweke wapi.

Kwetu kusaga akiki, yale mawe ya shanga, ni kazi ya barazani. Jiwe la kusagia linazungushwa na mota, wewe unachuchumaa mbele yake, unaubana ushanga kwenye kijiti na kuugeuza geuza mpaka uwe duara. Vumbi linakupiga usoni kama pumba za mtu anayepeta. Jioni, ukitaka kumjua uliyekuwa ukiongea naye, unangoja anawe uso. Mjomba alikuwa fundi. Aliweza kusaga huku ameangalia pembeni, akiwatania wapita njia, na ushanga ukatoka mviringo kama jicho la njiwa. Alisema jiwe lenyewe humwambia, likilia sauti nyembamba limetosha.

Sukari guru aliirithi kwa baba yake. Kila jioni, kazi ikiisha, kila msagaji wa kijiji chetu hula donge, mkubwa kwa mdogo, kama wengine wanavyoswali au kufukiza ubani. Imani ni kwamba donge likishuka kooni linalinata vumbi, linalikokota hadi tumboni, na kesho yake asubuhi mambo yanaishia yanakoishia. Kwa hesabu hiyo, kifua na tumbo ni vyumba viwili vyenye mlango mmoja katikati. Baba yake mwenyewe alikufa akikohoa kabla hajaota mvi. Ukimwuliza mjomba juu ya hilo, jibu alikuwa nalo.

"Mzee alikuwa anakula kipande kama ukucha. Ubahili ulimponza, Mungu amlaze pema."

Kwa hiyo yeye hakufanya ubahili. Kokila alipoanza kukaa kwenye jiwe la pili, pembeni ya baba yake, akiwa na miaka kumi na sita, mjomba alimpa kila jioni kipande kikubwa kuliko chake. Sijawahi kumwona akimkumbatia mtoto yule. Alimpenda kwa sukari guru.

Kikohozi kilikuja miaka sita baada ya arusi. Hakikuja na kishindo. Kilikuja kama mgeni anayesema atalala siku mbili. Mkewe, Savita, alisema ni moshi wa kuni, akahamishia jiko uani. Dahya alisema ni biri, zile sigara zetu za jani, na alilisema hilo akiwa na biri mdomoni. Bibi mmoja wa nyumba ya tatu alisema ni jicho la watu, maana mjomba anasema sana, akamtundikia ndimu na pilipili mlangoni. Akanywa maziwa ya manjano, akatafuna tangawizi, akalamba asali na mrehani. Kikohozi kilikula vyote hivyo pamoja naye na hakikushiba.

Na mimi nimo. Nilikuwa nimeacha chuo cha ufamasia mwaka wa pili, nikawa nauza katika duka moja la dawa mjini Khambhat. Mjomba alikuja na baiskeli, akaegemea kaunta.

"Daktari nusu, nipe dawa ya kikohozi."

"Kina muda gani?"

"Tangu Diwali."

"Diwali ipi?"

"Wewe uza dawa, usiwe polisi."

Nilimpa ya maji, nyekundu. Mwezi uliofuata nikampa nyeusi. Mara ya tatu nikaona nionyeshe elimu. Nikamwuliza kama kinazidi akilala, maana kiungulia kinaweza kupanda kooni na kumkohoza mtu. Nikamwuliza kama anameza vidonge vya presha, maana vipo vinavyoleta kikohozi kikavu. Nikamwuliza juu ya mafua yasiyokwisha, pumu, jasho la usiku, kupungua uzito. Aliponiambia suruali zinamvuka nikamwambia, kikohozi kikipita wiki mbili mtu anapimwa makohozi, hanunui chupa. Hapo nilisema kweli. Lakini kati ya maswali yote niliyomwuliza sikumwuliza anafanya kazi gani. Ningemwulizaje, wakati alikuwa ameacha alama nyeupe ya kiwiko chake juu ya kaunta yangu? Swali la kazi nadhani lilikuwa somo la mwaka wa tatu.

Zahanati nao hawakuuliza. Walipima makohozi, hawakuona kijidudu. Wakapiga picha ya kifua, wakaona madoa. Kwetu mwenye madoa ana kifua kikuu, basi. Akapewa vidonge vya miezi sita. Siku ya kwanza, vidonge vikiwa vimeugeuza mkojo rangi, alitoka chooni akamwita Dahya juu ya ukuta.

"Dahya, njoo uone. Nakojoa soda ya machungwa. Lete chupa tufanye biashara."

Alizimaliza dozi bila kuruka hata siku moja, na kikohozi kikabaki. Wakasema kijidudu ni sugu, wakamrudisha mwanzo, safari hii na sindano. Alikwenda kila siku, akarudi akichechemea, akakaa kwenye jiwe kusaga. Hakuna aliyemwambia asisage. Savita alifunga uzi mwekundu kwenye kikombe chake ili kisichanganyike na vya wengine. Mjomba alikitazama kikombe hicho siku nzima. Mwisho akasema, "Na mimi nifungeni uzi, nisije nikachanganyika," na yeye mwenyewe ndiye aliyecheka, ila kicheko kikageuka kikohozi, na Savita akaenda uani kulia.

Kisha akaanza kupenda mbuzi. Mtu ambaye maisha yake hakufuga hata kuku, sasa akienda hekaluni, kila hatua ishirini anasimama kumtazama mbuzi wa watu. Atamtazama pembe, atamtazama miguu, atauliza ana mimba au hana. Tulimtania kwamba atanunua zizi. Tulichelewa mno kuelewa kwamba alikuwa anatafuta pumzi, na aliona aibu kuitafuta akiwa amesimama bure.

Siku aliposhindwa kuinua gunia la mawe, Kokila alihama kutoka jiwe lake akakaa kwenye jiwe la baba yake, lenye mota kubwa. Alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Alisaga haraka kuliko baba, na kama baba, bila kitambaa usoni.

Mjomba nilimpeleka mimi hospitali kubwa, saa mbili na nusu kwa basi. Tulipokelewa na daktari wa kike, kijana, aliyekuwa na kalamu tatu mfukoni na hakuna hata moja iliyoandika. Alitazama picha zote za kifua alizokuja nazo mjomba, tangu ya kwanza. Halafu akamshika vidole, akavigeuza, akatazama kucha.

"Baba, unafanya kazi gani?"

Mjomba alinigeukia. Miaka minne ya kikohozi, vidonge na sindano, hilo swali alikuwa hajawahi kulisikia.

"Nasaga akiki. Mimi ndiye bora Shakarpur, uliza mtu yeyote."

"Miaka mingapi?"

"Tangu nina miaka kumi na mitatu."

Daktari aliiweka picha kwenye mwanga. Akaonyesha kwa ncha ya kalamu. Akasema yale madoa si kifua kikuu. Ni vumbi la mawe, limekaa, mapafu yamelizungushia kovu, na kovu haliyeyuki. Vumbi hilo hukaribisha pia kifua kikuu, kwa hiyo makohozi yatapimwa tena na tena. Dawa ya kulitoa hakuna. Kuna kuacha jiwe, kuacha biri, kutibu kila homa ya kifua mapema, na baadaye hewa ya mtungi. Alisema yote polepole, hakutazama saa.

"Na sukari guru?" mjomba akauliza.

"Sukari guru imefanya nini?"

"Nakula kila jioni. Inaliteremsha."

Yule daktari hakucheka. Ningekuwa mimi ningecheka, nadhani. "Sukari guru inapita njia ya chakula, baba. Vumbi limepita njia ya hewa. Hazikutani."

"Hata kidogo?"

"Hata kidogo."

Mjomba alihesabu kitu kwa vidole. Halafu akasema, "Nina binti. Ana miaka saba kwenye jiwe."

"Ana kikohozi?"

"Hana."

"Basi aache sasa hivi. Akiacha leo ana nafasi nzuri. Kila siku anayokaa pale, nafasi inapungua. Baba, umenielewa? Wewe sina cha kukuondolea. Yeye bado anaweza kuokolewa."

Kwenye basi alikaa dirishani, tukafika nusu ya safari. Alikuwa amelitoa donge mfukoni, limefungwa kwenye gazeti, amelishika magotini.

"Kokila ana magego mawili yameoza," akasema. "Kwa ajili ya hii. Hata meno nimemwozesha bure."

Alifungua dirisha akalitupa donge. Lilimwangukia mtu wa pikipiki, akatutukana mpaka njia panda.

Jioni ile ile alimwita Kokila, akamwambia azime mota. Akamweleza, na mimi nikiongezea pale alipoishiwa pumzi. Kokila alisikiliza huku akijifuta uso na ncha ya sari.

"Huyo daktari ameshika jiwe lini?" akauliza.

"Hajashika."

"Basi. Wewe mwenyewe ulisema, mtu ambaye hajasaga asinifundishe vumbi."

"Nilisema upuuzi."

"Baba, umechoka. Ukipata nguvu utasema mengine."

"Nenda kwa tajiri anayenunua shanga zetu ukazitunge. Kutunga hakuna vumbi."

"Kutunga ni kazi ya vibibi wasioona. Na hapa asage nani? Mama?" Akainuka. Alikuwa na ulimi wa baba yake, na baba yake ndiye aliyeunoa. Akaenda ndani, akarudi na kipande cha sukari guru kwenye kisahani, akakiweka mbele ya mjomba kwa heshima, kama kila siku. Kilikaa pale mpaka sisimizi wakakichukua.

Alijaribu kwa miezi. Alificha ufunguo wa mota, Kokila akaunganisha nyaya. Alikataa kula, Kokila naye akakataa kula, na mwenye afya hushinda mashindano ya namna hiyo. Ndipo mjomba akapata wazo la mwisho. Ikiwa maneno yake ya hadharani ndiyo yaliyomshika binti, basi atayafuta hadharani. Mtoto wa pili wa Dahya alikuwa anaoa. Uwanja ule ule, masufuria yale yale.

Tulimbeba juu ya kitanda cha kamba, watu wanne, wakati watu wanakula. Alikuwa mwepesi, tungeweza kuwa wawili. Alinituma nimkonyeze mpiga ngoma, ngoma zikanyamaza. Watu wakafurahi. Wakanong'onezana kwamba Raiji bado yumo. Kuna waliosogea karibu wakitabasamu tayari, kama mtu anavyotabasamu kabla ya kichekesho anachokijua.

"Jamaa zangu," alisema mjomba. "Mnakumbuka nilisema nini hapa."

"Tunakumbuka," wakaitikia. Mmoja akaigiza sauti yake, "Linaingia mchana, linatoka asubuhi," na uwanja ukacheka.

Mjomba aliinua mkono. "Sukari guru," akasema. "Sukari guru..."

Kikohozi kikamkata. Hakikuwa kikohozi cha kupita. Kilimkunja, kikamlaza ubavu, macho yakamtoka, midomo ikawa rangi ya zambarau. Nami nilikuwa nimemshika mabega nikiita hewa, hewa, msogee. Hawakusogea. Walikuwa wamemsikia akitaja alichotaka, na watu wetu si wabaya, mgonjwa akiomba kitu hupewa. Dahya mwenyewe alikimbia jikoni. Wengine wakapekua mifuko yao. Kufumba na kufumbua kulikuwa na mikono kumi, kumi na tano, imenyooshwa juu ya kitanda, kila mmoja na donge lake.

"Kula, Baba Kokila."

"Kula, ndugu yangu, itashuka."

Aliyemtia mdomoni ni Kokila. Mjomba alilitema. Akamtia tena, akalitema tena, akamshika mkono binti yake, akatikisa kichwa, akatikisa, akatikisa. Machozi yalimtoka. Sauti haikumtoka.

"Anakataa sukari guru," mtu mmoja akasema nyuma, kwa mshangao mkubwa. Maneno yale yakapita uwanja mzima, mdomo kwa mdomo, mpaka kwenye masufuria.

Nilijaribu kumsemea. Nilipanda juu ya kiti nikawaambia alichotaka kusema, njia ya hewa, njia ya chakula, makovu. Dahya aliniteremsha taratibu.

"Mwanangu, diploma yako iko wapi tuisome?"

Baada ya hapo hakutoka tena nyumbani. Mtungi wa hewa ulikaa pembeni yake, na ukuta mmoja tu ukimtenga na baraza, alisikia jiwe lake likisaga kutwa. Kuna siku alinishika kanzu. "Limelia nyembamba," akasema. "Ushanga umeiva, na yeye bado anausaga. Mwambie." Nikaenda nikamwambia Kokila. Akautoa, akautazama, akatikisa kichwa kwa heshima ya fundi. Halafu akabana mwingine.

Alikufa miezi minne baada ya arusi, siku ya Jumanne, saa ya chai. Mkono wake ulikuwa kwenye kikombe chenye uzi mwekundu.

Siku ya kumi na tatu, watu walipokaa kula chakula cha matanga, habari ilikuwa imeshakamilika, haina pa kuongeza. Raiji alikula sukari guru miaka thelathini na mitano, na vumbi halikumgusa. Akaenda mjini akadanganywa na kitoto cha daktari, akaacha. Hakumaliza mwaka. Aliikataa mbele ya watu mia tatu, sote tulikuwepo. Kilichomuua kinajulikana.

Savita alikuwa anasikiliza, akitikisa kichwa kwa kukubali. Sikuwa na nguvu ya kumnyang'anya faraja hiyo pia.

Nilimkuta Kokila barazani wiki iliyopita. Nilimpelekea kitambaa cha puani, kile kizuri cha madaktari, kisanduku kizima. Alinishukuru akakiweka juu ya rafu, karibu na picha ya baba yake yenye taji la maua.

"Baba alikufa kwa kuacha," akaniambia, bila ugomvi. "Mimi siachi. Nimeongeza. Nakula asubuhi na jioni."

Halafu akakohoa. Mara mbili, kavu, mkono mdomoni. Nikamtazama, akanitazama.

"Mafua," akasema.

"Yana muda gani?"

"Wewe uza dawa, usiwe polisi." Akawasha mota. Juu ya kelele za jiwe akanipigia ukelele kwamba nikija tena nimletee ile sukari guru nyeusi ya sokoni mjini, ya hapa kijijini wanachanganya mchanga.

Nimepita sokoni leo. Nimemnunulia sukari guru nyeusi, kilo moja, rupia sabini.